Kinyonga Yetu Ilikatala Unga

Kinyonga yangu ilikuwa mutoto bado, urefu sawa kidole changu, lakini kiburi yake ilijaza appartement yetu yote ya Berchem, huku kwa bazungu. Ukiipatia grillon, ile kadudu ka kuruka-ruka, ulimi pa! kwisha. Lakini weka unga ya calcium juu ya ile grillon, hata kidogo tu, inafunga mudomo sawa muntu banamupatia bukari ya jana, ugali baridi.

Na docteur ya banyama alituambia wazi: bila ile unga mifupa itapinda, kiisha itakufa. Donc haikuwa muchezo. Dada yangu mudogo kila asubuhi, mbele ya kwenda masomo, anakuja kwa mi, yaya yake mukubwa, na macho imejaa machozi.

"Yaya, itakufa?"

"Haitakufa. Mi sijue kuzika kitu ya kijani."

Nilikuwa nachekesha, lakini mi pia nilikuwa naogopa.

Mama, yeye, hakukuwa anaingia hata mu chumba. Kwetu Likasi bantu mingi banaogopa kinyonga, banasema inaleta mukosi. Siku niliileta mu carton toka Gare du Nord, alisimama mu mulango: "Mungu alitutosha mu mukosi yote ya kule, na we unairudisha na train?"

Bon, nikajaribu. Ya kwanza, nilitia bagrillon mu sachet pamoja na unga, nikatikisa. Zikatoka nyeupe pe, sawa beignet ya sukari. Kinyonga ikaangalia grillon na jicho moja, na jicho ingine ikaniangalia mi, sawa inauliza: we njo ulipika hii? Nikapunguza unga. Nikapunguza tena. Hapana.

Siku ya samedi tonton akafika. Yeye ni mudogo ya mama, anakata bantu nywele kule Saint-Josse, na hakuna kitu hajue. Tukazunguka bote cage ya kinyonga, ile kanyumba kake ka waya. Mi nashika grillon na pince, ile koleo kadogo, karibu na pua ya kinyonga, dada anapiga makofi, tonton anapiga kelele: "Kula, chef! Kula, mutoto muzuri!"

Kinyonga ikageuka nyeusi, ikafungua mudomo, ikamufanyia tonton "hhhh!"

"Inanitukana?"

"Tonton, imeona coiffure ya ku kichwa yako."

Njo mama akapiga kelele toka cuisine, ku masufuria: "Munafanya nini kule?"

"Tunaipatia chakula!"

"Bote vile? Na macho yote ile? Papa yenu, mara ya kwanza alikuja kula kwetu, mama yangu alitoka mu nyumba, akaenda kwa jirani. Mukwe hakule mbele ya mama ya bibi yake. Angekula namna gani na haya?"

"Mama, hii haiko mukwe."

"Iko na haya kupita mukwe. Mutoke!"

Akatupa pagne moja ya zamani, kitenge yake, toka ku mulango, bila kuingia. Nikafunika nayo cage mbele. Nikafunga kopo kidogo ku katawi, nikatia bagrillon na unga kidogo sana, sawa vumbi tu. Telefone yangu nikaacha ndani ya pagne, inaangalia kopo, nimepigia ya tonton kwa video. Tukatoka, tukafunga mulango, tukaangalia mu telefone ya tonton kule inje mu couloir. Mama akasema yeye haangalie. Lakini kidevu chake kilikuwa ku bega yangu.

Pole, pole. Kinyonga ikarudi kijani. Ikatembea ku katawi, inayumba sawa mulevi. Ikasimama. Macho yote mbili ikaangalia kopo.

Pa!

Ikatafuna. Na unga! Na unga yake yote! Dada akataka kupiga kelele, mama akamufunga mudomo na mukono: "Nyamaza! Bado anakula!"

Pa! Ya pili. Tonton akacheza bila sauti, viatu ku mukono. Mama akaninong'oneza mu sikio: "Muongezee, basi. Kopo inaisha."

"Nani ataingia?" nikauliza.

Tukabaki mu couloir bote, tunaogopa kugusa mulango ya chumba yangu mwenyewe.