Mashine Iliyofuata Kinanda Msibani

Mimi ndiye fundi mitambo wa kwaya yetu hapa Mbinga. Juzi tulishuka Mbaha kumzika mwalimu wetu wa kwaya, nami nikabeba mashine mpya ya kupamba sauti. Niliiunganisha na kinanda kwa waya wa MIDI, unaopeleka amri za kinanda kwenye mashine, ili Dada Edina, mpiga kinanda, akibadili mlio, mashine nayo ibadili mwangwi na unene wa sauti za waimbaji. Iliponitaka nichague milio ya kuifuata, nikachagua yote, hata ambayo sikuijaribu, nikajiona bingwa.

Mjane wa mwalimu aliposhika maikrofoni kushukuru, Edina alibadili mlio ili apige taratibu. Mashine ikamfuata, na ghafla sauti ya mama yule ikawa nyembamba kama ya katuni. Watoto wakacheka, yeye akaishusha maikrofoni akiitazama.

Kwa aibu nikadaka maikrofoni. "Dada Edina, acha kuchezea kinanda!" Nami nikasikika vilevile.

Edina akainua mikono. "Kaka, nimebadili mlio tu. Nani aliiambia mashine inifuate?"

Mjane akanigeukia, akingoja jibu.

"Ni mimi, mama. Nisamehe," nikasema, na waombolezaji wote wakasikia nikitubu kwa sauti ya katuni.