Dereva Garside na Shuka za Thornbeck

Wilfred Garside alianza kazi ya reli kwa kusugua injini pale Carnforth, kaskazini mwa Uingereza, akapanda kuwa mchochea moto, na hatimaye dereva. Hakuoa. Akiulizwa, alisema injini ya mvuke ina visa kuliko mke, na bado haikupikii. Hilo la kupika lilikuwa uongo mtupu. Kila asubuhi yeye na mchochea moto wake, Derek Pilling, waliliosha beleshi kwa maji ya moto, wakapanga nyama ya nguruwe na mayai juu yake, wakalisukuma mdomoni mwa tanuri. Harufu yake iliwatoa abiria udenda.

Siku moja walipokuwa wakivuta mabehewa ya mawe kupanda bonde, walikuta lango la kivuko cha Thornbeck, pale barabara inapokatiza reli, limeziba njia. Mlinzi wa lango, mjane aitwaye Enid Hoyle, alikuwa amesimama mbele yake, shuka mkononi, imejaa madoa meusi.

"Shuka hii nimeifua jana, nikaifua leo," alisema. "Sasa teremka, zamu yako."

"Bi Enid, nina treni hapa!"

"Naiona. Si ndiyo iliyonichafulia?"

"Ni upepo, mama."

"Upepo wangu hauna masizi."

Derek alicheka hadi akakalia makaa. Wilfred alichukua bonge la makaa ya mawe, akateremka, akaliweka miguuni pa yule mama.

"Fidia," alisema.

"Moja tu?"

Akaongeza mawili. Lango likafunguliwa.

Tangu hapo, kila alipopita, Wilfred alidondosha makaa kando ya ua wa Bi Enid, naye Bi Enid akamrushia keki ya tangawizi iliyofungwa kwa karatasi. Tena Wilfred alimkataza Derek kuchochea moto karibu na Thornbeck, moshi usije ukatua kwenye kamba ya nguo.

"Mzee, mlima uko mbele! Mvuke utatuishia!"

"Utuishie hukohuko mlimani."

Kweli, siku moja uliwaishia. Treni ikakwama katikati ya kondoo. Mkubwa wa zamu alipodai maelezo, Derek alijibu kwa uso mkavu, "Mambo ya kufua nguo, bwana."

Agosti ya 1968 mvuke ulifika mwisho, reli zote zikahamia dizeli. Injini za mvuke zilipangwa karakanani zikisubiri kukatwa ziwe vyuma chakavu. Wilfred alipanda juu ya ile yake, akaushika mpini wa kufungulia mvuke. Ulikuwa baridi. Akakaa kidogo, akateremka, akapiga chafya ndefu ili watu wadhani macho yanamtoka machozi kwa vumbi.

Walimpa injini ya dizeli, safi kama chumba cha daktari wa meno. Alipita Thornbeck kwa kasi, hana cha kudondosha. Bi Enid alipunga mkono, shuka zake nyeupe pepepe nyuma yake, wala hakuonekana kufurahi.

Wiki zikapita hivyo. Jumapili moja Wilfred alivaa suti, akapanda baiskeli, akaenda kugonga mlango wa nyumba ya Bi Enid pale kivukoni.

"Umeleta nini?" Bi Enid aliuliza.

"Sina kitu. Dizeli haina makaa."

"Kwa hiyo?"

"Nimejileta mwenyewe."

Bi Enid alimtazama juu hadi chini. "Umechelewa wewe! Futa viatu, uingie."

Walifunga ndoa majira ya kuchipua, Derek akiwa msimamizi wa bwana harusi. Miaka michache baadaye wapenzi wa reli walinunua injini moja kuukuu, wakaifufua kwenye kipande cha njia kilichoachwa, wakamwita Wilfred aiendeshe siku za mapumziko. Bi Enid alipangiwa kuuza chai. Aliuza asubuhi moja tu, akavua aproni, akaomba beleshi. Walimfundisha, akashika kazi haraka, akawa mchochea moto wa mumewe.

"Taratibu, mke wangu, unaijaza sana!"

"Wewe tazama njia, Wilf. Moto niachie mimi."

Jioni walirudi nyumbani weusi tititi, wakicheka na kugombania nani atangulie kuoga.