Masanja hakusaga ule uji

Jamani, bado sijakubali. Jana tumemzika rafiki yangu wa utotoni, Masanja, pale Kisesa, na leo asubuhi nimeshika simu nimpigie nimwambie jinsi mazishi yake yalivyojaa. Nikakaa nayo mkononi hivyo hivyo mpaka chai ikapoa.

Nyie mnaonifuata humu mnanijua. Kulwa wa Nyamagana, darasa la nne, miaka themanini na ushee, na kwa maneno bado nawashinda wote. Leo maneno yamenigomea. Nivumilieni.

Nimeona mnavyoandika. "Pumzika Mzee Uji." "Uji wetu katutoka." Hamna kosa, watu wote walimwita hivyo tangu kabla ya uhuru. Lakini lile jina ni langu.

Mwaka ule Mwingereza alikuwa bado yupo. Baba yake Masanja alikuwa amevunjika mguu, mvua zimeanza, na shamba la pamba halijaguswa. Kwetu Usukumani ukipata shida hiyo unaita kundi la walimaji. Wanakuja na majembe na ngoma, wanalima kwa nyimbo, nawe unawapa pombe ya mtama. Pombe ikiwa mbovu, wanabeba ngoma zao wanakwenda.

Mama yake alikuwa amebakiwa na kikapu kimoja cha kimea. Mtama umelowekwa, ukachipua, ukaanikwa, basi, hicho ndicho kimea. Sasa ile mashine ya mkono ya kusagia waliyoazima dukani ilikuwa inapitisha punje nzima nzima. Nguvu yote ya pombe inabaki kwenye machicha wanayotupiwa kuku.

"Kimea changu kinanenepesha kuku," mama akalalamika.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, mjini. Nilipokuja kijijini kusalimia nilijitangaza fundi mashine. Kazi yangu ilikuwa kufagia! Lakini nilikuwa na viatu, na nilikuwa na spana. Msiniulize niliipataje.

"Shikamoo mama. Hebu nisogezee hiyo mashine. Mimi nashinda na mashine kubwa kuliko nyumba hii."

Masanja akaniambia taratibu, "Kulwa, usikaze sana. Punje ipasuke tu, ganda libaki. Maganda ndiyo yanasaidia kuchuja."

"Wewe mambo ya mashine umesomea wapi?"

Alikuwa hajasoma popote. Mimi nilikuwa na madarasa manne mazima.

Nikakaza skrubu mpaka mwisho. Unga ukatoka laini kama sembe ya dukani. Nikaupuliza kiganjani mbele ya mama wa watu, nikajisifu.

Kumimina maji ya moto tu, pipa zima likawa zito. Tukatia kwenye kung'uto la kuchujia, halikushuka tone. Mama akakamua kwa mikono siku nzima, akapata nusu debe. Kingine chote kikachachuka na unga wake humo humo. Kimea kingine hakukuwa nacho.

Walimaji wakafika. Mzee Shija, kiongozi wao, akapewa kibuyu. Akakiinamisha, hakuna kilichotoka. Akakipindua kabisa. Pombe haikumwagika, imeganda kama uji.

"Nani kasaga hiki?"

Masanja akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Ni mimi, baba," akasema.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Wakalima matuta machache kwa heshima ya mgonjwa, wakaondoka na ngoma zao wakimwimba, Masanja Uji, Masanja Uji. Shamba lote lililobaki alilima yeye na mama yake. Mimi nilikuwa nimesharudi mjini, eti ovataimu. Nani analipwa ovataimu ya kufagia?

Msimu uliofuata akanifundisha, bila hata neno la lawama. Akalegeza skrubu, akasaga kiganja kimoja, akakisugua kwa vidole. Akakaza kidogo, akasaga tena, akasugua tena. Moyo wa punje umevunjika, ganda liko zima. Akaacha hapo hapo. Kikapu kimoja kikatoa pombe karibu mara mbili ya ile ya zamani, na machicha hata kuku waliyadharau.

Uhuru ulipokuja, Kisesa nzima ilikunywa pombe ya nyumba ile. Mzee Shija mwenyewe akapaza sauti, "Leo Uji kaweza!" Hata kumsifu, wanamsifu kwa jina langu.

Nikamwambia, "Masanja, leo nasema ukweli."

"Nyamaza bwana. Mimi nimeshazoea. Wewe wakikuita hivyo hutakanyaga tena hapa, sasa mimi nitachekeshwa na nani?"

Nikanyamaza. Mimi ambaye hata kanisani naambiwa ninyamaze.

Jana mwanawe mkubwa akanipa maiki. "Baba mdogo, wewe ndiye umekua naye. Hebu tuambie, hili jina la Uji lilitoka wapi?"

Msalaba uko pale mbele yangu, UJI kwa herufi kubwa kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Nikafungua mdomo.

"Huyu? Alikuwa anamaliza sufuria nzima peke yake!"

Watu wakacheka. Mwanawe akacheka huku machozi yanamtoka, akanishukuru. Nikakaa.

Ndiyo maana naandika. Najua haisaidii. Msalaba umeshashikwa na saruji. Mama yake hayupo, Mzee Shija hayupo, kundi lote limekwisha, hakuna aliyebaki wa kunizomea inavyostahili. Watoto wake nikiwaambia watasema mzee kachanganywa na msiba, watanipa maji ya kunywa.

Masanja, mimi ndiye niliyesaga. Nimelisema mbele za watu, nawe husomi.

Lala, ndugu yangu. Lala, Masanja. Masanja tu.