Zamu ya Aliyechekwa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni siku moja ya soko pale Chaka, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipopanda juu ya lori nikiwa nimevaa suruali ya kaka yangu, nimeifunga kiunoni kwa kamba ya gunia. Ilikuwa pana hivi kwamba upepo wa nyanda zetu za Kieni uliingia na kutoka ulivyotaka. Nilijiona nimependeza sana.

Lori lilikuwa la watu wa sabuni. Walikuja na vipaza sauti kutangaza bidhaa yao, na atakayewafurahisha watu zaidi angepelekwa Nairobi kurekodi wimbo. Siku hizo kurap kulikuwa kwa wavulana. Vijana wa Kiganjo niliofanya nao mazoezi waliniambia msichana kazi yake ni kuitikia, nikaapa siku hiyo sitamwitikia mtu. Niliitaka safari ile ya Nairobi kuliko nilivyotaka chakula. Shida ni kwamba mama yangu alikuwa papo hapo sokoni akiuza viazi, na alidhani niko nyumbani nikimkatia ng'ombe nyasi.

Nikamwanza Njogu, dalali wa viazi. Kila mkulima alilijua gunia lake, lile linalojazwa kupita mdomo na kushonewa nundu juu, na bei ikabaki ya gunia moja.

"Gunia ya Njogu imevaa kilemba mpaka juu," nikasema, "lakini pesa ya Njogu imevaa kaptura na haina viatu."

Soko zima lilicheka. Njogu alikuwa chini pale, mtu mnene mwenye koti zuri, akitafuta pa kuangalia. Nikamwongezea nyingine, na nyingine. Mtangazaji alikuwa ameshaanza kuniinua mkono nilipomwona mama akipenya katikati ya watu na aproni yake. Nikajua kazi imeisha.

Suruali hata hakuitazama. Ujue, mama na wenzake walilimiana mashamba kwa zamu, na wakiwa kwenye jembe waliimba wakitaniana. Aliyetaniwa ndiye aliyeimba ubeti uliofuata, na hakuna aliyemnyima, hata kama sauti yake ni ya kufukuza ndege.

"Wairimu," akaniambia, "ukicheka mtu kwa shamba, yeye ndio anaimba sasa. Mpatie hiyo kitu."

Niliogopa, sikufichi. Ushindi ulikuwa mkononi mwangu, na Njogu angeweza kunitukana tu nikapoteza kila kitu. Lakini macho ya mama unayajua. Niliinama nikampa Njogu maikrofoni.

Njogu akakohoa. "Huyu msichana anacheka gunia yangu kuvaa kilemba," akasema polepole, "na yeye suruali yake, watu wa Chaka, imefungwa na kamba."

Mwanangu, watu walirusha kofia. Akina mama wa viazi walipiga vigelegele, na mimi nilicheka hadi nikalazimika kuishika ile suruali isinianguke. Nikamjibu, akanijibu, tukaenda hivyo mpaka biashara ikasimama. Watu wa sabuni walishindwa kuamua wamchukue nani. Mama akawaambia wanichukue mimi, Njogu ana viazi vya kusafirisha.

Ndivyo nilivyofika Nairobi, na redio, na majukwaa ya Nanyuki na Karatina, kabla msichana mwingine wa huku mlimani hajathubutu. Kila nilipoimba nilimwachia nafasi niliyemtania, na watu walikuja kwa ajili ya hiyo nafasi. Njogu, mpaka anazeeka, aliwaambia wote kwamba ni yeye aliyenifundisha kurap. Nami sikumkatalia, kwa sababu nilimpenda.

Jana ulinisikizisha wimbo wako unaomchana yule rapa mwenzako wa Kagio. Ni mkali, nimeucheka kwa sauti. Ila umeujaza wote mwenyewe, hukumbakishia hata mstari. Mtu ukimcheka na kumziba mdomo, humtanii tena, unampiga. Mpigie simu leo aje ajibu ndani ya wimbo huo huo. Akikushinda, cheka, kisha uandike mwingine. Hutabaki peke yako jukwaani, na jukwaa la mtu mmoja ni baridi hata likiwa limejaa taa.

Nenda sasa, mwanangu. Ngai, Mungu wetu, akuzidishie pumzi na maneno, na kila unayemtania akujibu vizuri, kisha mle pamoja.