Sahani za Bi Sophia

Nawasikia watu wakibishana kama ni lazima kula kitu kati ya mlo na mlo. Mmoja anasema ni afya, mwingine anasema ni ulafi. Wote wananikera, maana hakuna hata mmoja anayeuliza kitu hicho unapewa na nani. Mimi nilikuwa napewa na Bi Sophia, Kariakoo, mwaka hamsini na sita, na mpaka leo ikifika saa nne asubuhi namkumbuka.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba yangu, Polycarp, alikuwa na duka dogo la maharage na mchele nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Mama yangu, Severa, alibaki Kilimanjaro na wadogo zangu, akitunza kihamba chetu cha migomba na kahawa. Mimi nililetwa mjini kusoma. Kule mlimani mtoto akisikia njaa alinyoosha mkono kwenye mkungu ulioiva, hakuna aliyemwuliza saa ngapi. Kwa baba kulikuwa na saa. Chai ya rangi na kipande cha mkate alfajiri, ugali saa nane mchana, wali usiku, basi. Tumbo ni kama duka, alikuwa akisema, lina saa ya kufungua na saa ya kufunga. Na sheria yake aliifuata mwenyewe, simsingizii. Alishinda kwenye mizani kutwa nzima, kazungukwa na vyakula, asitie hata punje ya karanga mdomoni.

Ua wetu ulitenganishwa na ua wa Bi Sophia kwa makuti yaliyochoka. Mumewe, Zahoro, alikuwa mfanyakazi wa reli, na binti yao Sitara alikuwa ameshaolewa. Kwa hiyo Bi Sophia alishinda peke yake uani, akisuka ukili wa mikeka, miguu kainyoosha, kanga kaifunga kiunoni. Alikuwa mwembamba, mwenye maneno makali na mkono laini. Siku ya kwanza nilipokimbia kutoka shuleni wakati wa mapumziko, saa nne, kuja kunywa maji nyumbani, aliniona kwenye upenyo wa makuti. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniuliza kama kwetu maji ndiyo chakula.

Tangu siku hiyo kila saa nne nilipita upenyo ule. Vitu vyenyewe vilikuwa vidogo. Leo kipande cha muhogo uliochemshwa, na nazi iliyokunwa juu yake. Kesho karanga, chungwa, kunazi za msimu, au embe bichi la chumvi na pilipili. Vya kukaanga hakutaka kabisa saa ile, wala nikitaka kuongezwa hakuniongeza. Alisema hiki ni cha kushika roho tu, mlo wa baba yako niuache pale pale ulipo. Tulikula sahani moja. Yeye mwenyewe alikuwa ameamka kabla ya adhana na kunywa kahawa chungu, kwa hiyo alikula kwa hamu kama mimi, na wakati tunakula alinisimulia habari za wanawe wawili waliokufa wachanga. Mara nyingine aliniita mama, kama mtu anavyomwita binti yake; majina ya wale wachanga sikuambiwa. Jamani, nilimpenda mwanamke yule. Nilikuwa namlilia mama yangu usiku na mchana, na saa nne tu ndiyo nilikuwa silii.

Kengele ya shule ilikuwa na haraka zake. Ikilia nami sijamaliza, Bi Sophia alinisukumia sahani niondoke nayo, nami nikaipitisha nyumbani na kuisukumiza chini ya kitanda changu kabla ya kukimbia. Ndipo baba, alipokuwa akitafuta kiatu chake, alipozikuta sahani tatu za bati zenye ukingo wa buluu, ambazo si zetu.

Hakunipiga. Ingekuwa afadhali angenipiga. Alikaa kitandani, akazipakata.

"Watasema Mchaga ana magunia dukani," akasema, "na mtoto wake anaombaomba uani kwa watu."

Nikamwambia sikuomba. Hakusikia, aibu ilikuwa imeshamziba masikio. Akaniamuru nizisugue kwa majivu mpaka zing'ae, nizirudishe, nishukuru kwa adabu, niseme kwamba nyumbani nashiba. Na katika hesabu zake alikuwa akifanya jambo la heshima kubwa. Kwenye biashara ya nafaka gunia la mtu hurudi limekung'utwa, bila punje ndani. Ukilirudisha na kitu, wewe ni mchafu au ni mzembe. Nami nilizisugua nikaona uso wangu ndani yake, nikazipeleka kichwa juu, nikijua nitasifiwa.

Bi Sophia alizipokea zote tatu. Akatazama ya juu, akainyanyua akatazama ya pili, akainyanyua akatazama ya tatu. Nikasema maneno ya baba kama nilivyofundishwa. Aliweka zile sahani kando ya ukili wake.

"Haya, mwanangu. Msalimie baba yako."

Kesho yake saa nne nilisimama kwenye upenyo. Alikuwa pale pale, anasuka, lakini kageuka, kanipa mgongo, na mbele yake hapakuwa na sahani. Nikaamkia, akaitika, hakugeuka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu sikwenda. Nilijua nimefanya kosa, lakini sikujua ni lipi, na nilizitafuta sahani zile akilini mwangu usiku kucha, labda niliibonyeza moja, labda ilibaki na majivu.

Baada ya wiki mbili nilianguka kwenye mstari wa shule. Mwalimu akanipeleka zahanati, baba akaitwa. Dresa alinibonyeza tumbo, akanitazama macho, akauliza nimekula nini tangu alfajiri na nitakula tena saa ngapi. Akahesabu kwa vidole, akacheka. Alimwambia baba kwamba mtu mzima aliyeshiba vizuri anaweza kungoja mlo wake, hana haja ya kutafunatafuna, lakini tumbo la mtoto ni dogo, halibebi akiba ya saa tisa. Apewe ndizi, au chungwa, au karanga kiganja kimoja. Peremende hapana.

Neno la dresa baba alilikubali, maana lilitoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Kila siku saa nne nikakuta ndizi mbivu juu ya kaunta. Nikaila nimesimama, yeye akipima mchele. Ndizi ilikuwa nzuri, ya kwetu hasa, imekuja na lori kutoka Moshi. Sikuanguka tena. Lakini macho yalikuwa yananikimbilia kule nyuma kwenye makuti, na baba si kipofu.

Aliyetufumbua macho ni Mwinyimvua, mzee wa mkokoteni aliyekuwa akituletea magunia. Baba alimlalamikia kwamba mke wa Zahoro kamnunia mtoto bila sababu, na yeye kamrudishia vyombo vyake safi kabisa. Mwinyimvua akaushusha mkokoteni.

"Vina nini ndani?"

"Vitupu. Safi."

"Ala! Bwana Polycarp, mkono mtupu haulambwi. Huku kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Ungetia hata chumvi. Wewe umemwambia akome."

Baba akajitetea kwamba gunia la mtu hurudi tupu. Mzee akamjibu kwamba yule si mwenye gunia, akaendelea kushusha mzigo.

Tatizo lilikuwa hili: hatukuwa tena na sahani ya Bi Sophia ya kurudisha. Zote tatu zilikuwa zimekwisha kurudi, na maji yakimwagika hayazoleki. Asubuhi akachukua sahani yake mwenyewe, ile nyeupe iliyobanduka ukingoni aliyokuwa akilia tangu aje mjini, akapanga ndizi mbivu na karanga juu yake mpaka zikawa zinadondoka. Akanipa niipeleke.

Nilimkuta Bi Sophia anafunga mizigo. Walikuwa wanahamia Magomeni, kwenye nyumba ya Zahoro iliyokuwa imekamilika. Alipoiona sahani, alikaa chini juu ya mkeka uliokunjwa, akanivuta nikae naye. Tukala ndizi mojamoja. Halafu akasema, "Hii naondoka nayo. Uje Magomeni uifuate mwenyewe. Mwambie baba yako haitarudi kama zangu zilivyorudi."

Sikwenda. Masika yaliingia, Jangwani ikajaa maji, baba akanikataza kuvuka. Maji hayajakauka vizuri, ikaja barua kwamba mama anaumwa, nikapandishwa basi kurudi mlimani kumsaidia. Nilikaa miaka mitatu. Mama nilimpata, na ndizi zilikuwa juu ya kichwa changu, nile nitakavyo. Na ikifika saa nne nilitamani muhogo wenye nazi.

Nilirudi Dar mwaka hamsini na tisa. Baba nilimkuta anakula kwenye mfuniko wa sufuria. Nikamwuliza kwa nini hanunui sahani, akasema sahani anayo, iko Magomeni. Kesho yake nikavuka Jangwani kwa miguu.

Mlango ulifunguliwa na Sitara. Nilijitaja, akashika kifua. Mama yake alikuwa amefariki mwezi wa Shaabani. Aliniambia kwamba sahani ile ilikaa uani kila siku ya miaka ile. Saa nne mama yake aliitia kitu, ikifika adhuhuri akawapa watoto wa jirani, akaiosha. Sitara alipomwambia mtoto wa Mchaga haji tena, alimjibu kwamba akija, yeye hatakutwa na sahani tupu.

Sitara akaingia ndani, akatoka nayo. Ndizi mbili na karanga.

"Mama kaniusia isitoke tupu."

Nikakaa kizingitini nikala nikilia. Nilikula karanga zote na ndizi moja. Ya pili niliiacha, sikuweza kuivusha Jangwani sahani ile ikiwa tupu.

Baba alikuwa kwenye mizani. Niliiweka sahani mbele yake, nikamwambia yaliyotokea. Kwa muda mrefu aliupapasa ule ukingo uliobanduka, mteja akimngoja. Kisha akaimenya ile ndizi, akaila pale pale, taratibu, mpaka ikaisha. Ilikuwa saa kumi jioni, saa ya mlo bado.