Gunia la Kirikuu

Jirani yangu wa Tegeta, dereva wa kirikuu, hakubali kwamba ndani ya kigari chake cha mizigo kuna joto. Injini iko chini ya viti, na Januari abiria hukaa kama chapati kikaangoni, lakini yeye husema, "Dada, humu ni Makete, kule milimani kwenye ukungu." Kisha hulowesha gunia kwa maji ya dumu, hulikamua polepole kwa vidole vyake vinene, kama anayekamua tui, na kulitandika kitini. Akishuka, suruali yake huwa imelowa nyuma, na watoto wa mtaani humwita Bwana Pampasi. Hajali.

Jumapili alijali. Tulikwenda Kimbiji kumposea, mimi nikiwa dada yake wa kuazima, na baba wa binti alishamkataa mchumba mmoja kwa kuja na kandambili. Jirani yangu alivaa suruali ya kijivu, akakalia kiti kikavu, na gunia akanitandikia mimi. Njia nzima aliendesha akijiinuainua na kunong'ona, "Makete, Makete." Kwa raha ya ule ubaridi nikasahau gunia hufanya nini. Tuliposhuka, yeye alikuwa mkavu na gauni langu limelowa, wakwe wakitutazama kutoka barazani. Nikaganda. Akaja nyuma yangu, karibu mno, tukatembea pamoja kama jongoo mmoja mpaka kwenye mkeka.

"Mbona mmebanana hivyo?" mama wa binti akauliza.

"Shikamoo, mama," alijibu, jasho likimtiririka kidevuni. "Ni baridi."