Sauti ya Dada Kwenye Simu ya Jirani

Mamangu alipopooza upande wa kushoto, dada yangu alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumbani kwa watu. Sisi tulikuwa Mtopanga. Simu yetu ilikaa ukumbini na waya wake haukufika chumbani alikolala mama. Dada alipoambiwa hivyo, alimpa mtu aliyekuwa akirudi Mombasa simu isiyo na waya: kitako chake unakichomeka ukutani, simu yenyewe unaichukua hadi uani ukitaka. Ilikuwa miaka ya tisini, na mtaani kwetu vitu hivyo ndiyo kwanza vilikuwa vinaingia. Ile ya zamani tukampa shangazi.

Dada alipiga kila Ijumaa alasiri, waajiri wake wakiwa wamelala. Namwekea mama simu sikioni, nami nakaa ukingoni mwa kitanda. Miezi ya mwanzo walizungumza mpaka mama akachoka. Kisha simu ikaanza kukatika. Dada anasema, "Shikamoo mama," anaongeza neno moja mawili, mkwaruzo unaingia kama mchanga unaochekechwa, halafu kimya.

"Ameshanichoka," mama alisema Ijumaa moja, kwa ulimi wake mzito. "Nani atakaa kusubiri maneno yangu?"

Nilimwambia ni simu tu. Aligeuza uso ukutani, na jioni ile hakutaka uji.

Nikaanza kuhangaika na ile simu. Nilibadilisha betri yake. Nilikitoa kitako karibu na televisheni nikakiweka dirishani. Nilizima friji, nikazima na taa ya tyubu, maana mtu aliniambia taa hizo huvuruga redio. Ijumaa iliyofuata ikakatika vilevile. Safari hii nilikuwa nimeinamia sikio la mama, na kabla ya mkwaruzo nilisikia, "Mama, mkono..." Basi.

Nilimwita fundi wa redio. Alikuja na simu kuukuu ya waya, akaichomeka pale pale ukutani, akampigia mwenzake dukani. Walizungumza na sauti haikutikisika.

"Laini yenu nzima," alisema akikunja waya wake. "Kuna kitu hewani kinagongana na hii yenu. Hapa jirani hakuna mwenye simu kama hii?"

Sikujua. Nilijifunga leso nikaenda nyumba ya nyuma yetu, tuliyotenganishwa nayo na ukuta mmoja. Mume wa pale alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini Kipevu, na nyumba yao haikukosa vitu vipya. Mkewe alinikaribisha ndani. Juu ya kabati niliiona: simu kama yetu, hata rangi.

Nilimweleza shida yangu. Alinisikiliza huku akiikunja na kuikunjua ncha ya kanga yake.

"Hebu nikuulize," alisema. "Kwenu mna mtu yuwalia kwenye simu?"

"Analia vipi?"

"Ijumaa, nikinyanyua hii nimpigie mamangu Malindi, nasikia mwanamke yuwalia. Nikadhani mitambo ya simu imeingiliana. Wallahi sikujua ni mtoto wenu. Huirudisha chini haraka, mambo ya watu haya; kumbe ndiyo nawakatia."

"Anasema nini?"

Alitazama mlangoni kwanza. "Anasema wamemchoma mkono kwa pasi. Anasema, mama, nitoeni huku."

Nilikaa kwenye mkeka. Yeye aliigeuza simu yake, akatafuta kwa kucha kidude kidogo cha kubadilishia mawimbi chini ya kitako, akakisukuma upande wa pili. "Sasa haitagongana na yenu, inshallah," alisema. Alikuwa akilia naye.

Sikumwambia mama. Kila nilipoingia chumbani nilikuwa nimeyapanga maneno, na kila mara nilitoka nayo. Ijumaa simu ikalia, sauti safi kama dada yuko jikoni.

"Shikamoo mama. Tafadhali, leo usinikatie."

Mama alifumbua macho. "Mimi? Mwanangu, sijakukatia hata siku moja."

Kisha dada akasema yote. Nilimwona mama akiyasikiliza, mkono wake mzima umeshika shuka, na sikuwa na pa kumficha. Alipomaliza, mama alimwambia neno moja tu: "Rudi." Lakini pasipoti ilikuwa kabatini kwa mwajiri.

Nilikwenda mjini kwa wakala aliyempeleka dada Uarabuni. Alinambia mkataba haujaisha, akaendelea kunywa chai yake. Aliyetusaidia ni mume wa jirani. Alikuwa na jamaa yake katika mji ule, na jamaa huyo ndiye aliyemchukua dada siku aliyotumwa kutupa taka, akamfikisha ubalozini. Huko alikaa miezi akingoja karatasi.

Mama hakungoja naye. Alifariki asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri, nami nikampigia dada ubalozini kumpa habari. Simu haikukatika. Nilisikia kila kitu.

Aliporudi hakutaka kuingia ndani kwanza. Aliomba aonyeshwe kaburi. Tulisimama pale, nami niliinua viganja nikaomba dua. Yeye aliinua vyake pia, cha kulia kimefunguka, cha kushoto vidole vimeshikana pamoja na ngozi inang'aa. Alikaa hivyo mpaka mwadhini akaita adhuhuri.